Pembea ya Mbarak

Kwa miaka tisa Protus alikuwa na mama mkwe ambaye hakuwahi kuuona uso wake vizuri. Kisogo chake alikijua. Mgongo aliujua zaidi, hata angekutana nao sokoni Nakuru angeusalimia. Lakini uso, la. Kila alipokwenda ukweni Angurai, yule mama, Amoding kwa jina, jina ambalo Protus hakuruhusiwa hata kulitamka, alikuwa ama anatokea mlango wa nyuma, ama anakatisha shamba la mihogo huku leso ameifunika mpaka puani. Ndiyo adabu ya huko, kwa Wateso wa Angurai na kwa Wabukhayo wa kwao Protus vilevile. Mkwe na mama mkwe hawaketi pamoja, hawali pamoja, hawagusani, na wakikutana njiani mmoja humpisha mwenzake hata kama ni kwenye miiba. Haina chuki ndani yake. Watu waliiweka ili binti akiolewa, wazazi wake wasizoewe kama majirani.

Protus hakuipenda, na alikuwa na sababu ambayo hakumwambia mtu. Mama yake mzazi alifariki yeye akiwa bado na meno ya utotoni. Alilelewa na shangazi mwenye watoto wake saba, na wa nane katika nyumba kama hiyo hula kilichobaki. Alipomwoa Roselida alidhani, kijinga tu, kwamba pamoja na mke atapewa na mama. Akapewa mgongo.

Na dawa ya jambo hilo ilikuwepo, tena haikuwa ngumu. Mzee Okwara, baba mdogo wa Roselida, alimweleza tangu siku ya harusi: unatafuta mbuzi mzima na blanketi jipya, unatuma neno kwa wamama wa ukoo, wanakupa siku. Mbuzi anachinjwa, blanketi anavishwa mama mkwe mabegani, naye anafunua uso mbele ya watu. Tangu siku hiyo mnasalimiana, mnakula meza moja, hata akitaka kukugombeza anakugombeza ana kwa ana. Protus alicheka. Yeye ni karani wa reli Nairobi, anavaa tai, ana redio ya betri nne. Leo abembeleze kusalimiwa kwa mbuzi? Kila Krismasi Mzee Okwara alimkumbusha, na kila Krismasi Protus alisema mwakani, Mzee. Mdharau mwiba, wazee walisema, mguu huota tende.

Mwaka wa sitini na nane Idi na Krismasi zilifuatana kama ndugu. Protus alikuja livu na Roselida, ambaye alikuwa na mimba ya miezi sita, na binti yao Perez wa miaka minane. Baada ya Perez, Roselida alikuwa amepoteza watoto wawili, wote siku ileile ya kuzaliwa, na safari hii aliomba kitu kimoja tu. Alitaka mama yake aje Nairobi, awe karibu mpaka mtoto azaliwe na apate nguvu. Amoding alikuwa amewazalisha nusu ya wanawake wa Angurai. Kwa mikono yake, Roselida alisema, hata aliyezaliwa bila kulia hulia.

Tatizo lilikuwa Protus. Nyumba yao ya reli ilikuwa chumba kimoja na pazia, na mama mkwe hawezi kulala nyuma ya pazia la mkwewe. Roselida alibembeleza wiki nzima, akienda jikoni na kurudi kibarazani kama mjumbe wa majeshi mawili. Mwishowe wakakubaliana: Protus atalala kwa rafiki yake Vitalis, nyumba ya tatu, na hataingia kwake ila mama akiwa ametoka. Amoding, ambaye hakuwahi kuvuka Bungoma, akasema basi, atakwenda. Roselida alilia kwa furaha mbele ya kila mtu, na Protus akaona kwamba hakuna zawadi aliyowahi kumpa mkewe iliyofika hapo.

Siku moja kabla ya treni walishuka wote hadi Malaba, kwa Mzee Okwara, aliyekuwa na nyumba nyuma ya stesheni. Amoding alikuja na kifurushi kilichofungwa kwa kamba ya katani, na alikibeba mwenyewe. Perez alipotaka kumsaidia aliambiwa hicho hakibebwi na mtoto. Jua lilipopoa, Protus akatangaza kwamba jioni hiyo familia yake itakwenda kwenye pembea.

Hakukuwa na mtu wa Malaba asiyejua habari ya pembea ya Mbarak. Mbarak alikuwa mwenye malori kule Busia na duka hapo Malaba, na kwa Idi alikuwa ameleta gurudumu kubwa la mbao na chuma lenye masanduku manne ya kukalia, watu wawili wawili wakitazamana. Lilizungushwa kwa mikono na wanaume wawili wenye vifua kama milango. Baada ya Idi kule Busia, akalihamishia Malaba, kwenye uwanja kando ya barabara ambapo malori ya Uganda hungoja kufunguliwa njia. Pembeni palikuwa na hema la kioo kinachopotosha umbo, mchezo wa kurusha pete, santuri iliyokwaruza, na Hadijah mke wa Mbarak akikaanga sambusa. Madereva na mataniboi, wasaidizi wao wa malori, walikuja hapo kupunguza uchovu, na watoto walikuja kutoka vijiji ambavyo huwa vimelala saa hiyo.

Walikwenda kwa utaratibu wa adabu. Amoding mbele na Perez, Roselida katikati, Protus nyuma kabisa kama mtu aliyekutana nao njiani tu. Akitaka kusema neno alimtuma Perez: mwambie nyanya achague sambusa. Perez alikimbia, akarudi: nyanya anasema ya nyama ina pilipili? Protus alijibu, mtoto akakimbia tena. Ukiwatazama ungedhani wanafanya biashara ya magendo.

Kwenye hema la kioo ndipo Protus alipolisikia jambo ambalo hakuwahi kulisikia. Amoding aliingia na mjukuu wake, mara kikatoka kicheko. Kilikuwa kicheko kinene, cha tumboni, cha mtu aliyejiona ana kichwa kama mchungwa na miguu kama kuku. Alicheka mpaka akakaa chini, na Perez akamkalia mapajani, naye Roselida nje ya hema akashika tumbo lake akacheka kwa kuwasikia tu. Tangu baba yake Roselida azikwe, hakuna aliyemsikia mama huyo akicheka hivyo. Protus alisimama gizani kidogo, sambusa mkononi, na moyo wake ukamwambia neno baya kwa sauti tamu: hii adabu ya kukimbiana ndiyo inakunyima mambo kama haya.

Kwenye pembea foleni ilikuwa ndefu. Roselida kwa hali yake hakuweza kupanda, kwa hiyo Amoding na Perez walikalishwa sanduku moja, na yule mama, ambaye alikuwa amezaliwa ng'ambo ya mpaka, Uganda, karibu na Tororo, alikuwa akimuuliza mtoto kama ni kweli ukifika juu unaona mpaka nyumbani kwao. Mbarak akatikisa kichwa. Sanduku la upande wa pili lilikuwa na dereva mmoja mnene na rafiki yake, na gurudumu likipanda hivyo litavuta upande mmoja. Akamtoa Perez, akamweka sanduku jingine na msichana mwenzake, akageuka kutafuta mtu mzima wa kujaza nafasi. Macho yake yakamwangukia Protus na tai yake.

"Boss, panda wewe hapa na huyu mama," alisema. "Hapa hatuangalii nani na nani. Tunaangalia uzito."

Mbarak hakujua. Angejuaje? Lakini Protus alijua, na hapo ndipo pa kumlaumu. Palikuwa na watu kumi nyuma yake wenye uzito wa kutosha. Alichotakiwa ni kusema, huyu ni mama mkwe wangu, na foleni nzima, Mteso, Mluhya na Mjaluo, ingeelewa na kumsogeza mtu mwingine. Roselida kule pembeni alikuwa tayari ameinua mkono wa kumzuia. Protus aliuona ule mkono. Akajiambia dunia imebadilika, ni mzunguko mmoja tu, na wakishuka watakuwa wamecheka pamoja na jambo limekwisha bila mbuzi. Akaingia. Mbarak akafunga komeo.

Amoding alipogeuka na kumwona nani ameketi mbele yake, magoti kwa magoti, hakupiga kelele. Hiyo ndiyo iliyomtia Protus imani kwa dakika moja. Alidhani amekubali. Kumbe mwanamke wa heshima hapigi kelele mbele za watu. Alivuta leso juu ya uso wake wote, akageukia ubavuni mpaka sanduku likainama, na gurudumu likaanza kupanda.

Lilisimama walipofika juu kabisa, maana chini walikuwa wanapakia wengine. Sanduku lilining'inia na kulia kwenye misumari yake. Protus akamwambia, kwa sauti aliyoitaka iwe ya mtoto kwa mamaye, asiogope, yupo. Lile neno ndilo lililomharibia. Sauti ya mkwe, karibu hivyo, kwenye kisanduku kisicho na mlango wa nyuma; Amoding akasimama. Sijui alitaka kwenda wapi. Sanduku likayumba, naye Protus akamrukia, akamshika kiunoni kwa mikono yote miwili na kumkalisha kwa nguvu. Leso ikachomoka. Ikaenda chini polepole, ikapita kwenye mwanga wa karabai, na wanawake wa soko la Angurai waliokuja kutalii wakainua vichwa kuifuata ilikotoka.

Ndipo alipouona uso wake. Miaka tisa alikuwa ameutamani, na sasa ulikuwa umbali wa shibiri mbili, kichwa wazi, mvi fupi, macho yamefumbwa kwa nguvu kama ya mtu anayeng'olewa jino, na machozi yanapita chini ya kope zilizofumbwa. Protus aliachia mikono yake lakini hapakuwa na mahali pa kuipeleka. Chini mtu mmoja alicheka, na mwenzake akamziba mdomo.

Gurudumu lilipowashusha, Roselida alikuwa na ile leso mkononi. Alimfunika mama yake kama mtu anayefunika maiti, akaondoka naye bila kumtazama mumewe. Perez alishuka sanduku lake akauliza mbona wamekwenda, na kama watapanda tena. Protus akamnunulia pete ya plastiki kwenye mchezo wa kurusha.

Mzee Okwara alimngoja kibarazani. Hakumkaripia. Alimwambia jambo hili linatengenezeka, hata lina nafuu kwa kuwa lilitokea mbele ya watu na litamalizwa mbele ya watu. Kesho yake asubuhi anunue mbuzi hapohapo Malaba, blanketi achukue kwa Mbarak dukani, wamama waitwe, na wao wanaweza kungoja treni ya siku inayofuata. Amoding alikuwa chumba cha ndani, ukuta wa udongo ukiwa katikati yao, na alisikia kila neno.

Kama Protus angejibu ndiyo, hadithi hii ingekuwa fupi na ya kuchekesha, na mpaka leo wangeitania kwenye harusi. Lakini alikuwa ameaibika, na mtu aliyeaibika hutafuta kosa la mwenzake. Akasema kwa sauti ya kusikika, "Nimemshika asianguke. Nimeokoa mtu, sasa nilipe faini? Huu ushamba wenu mimi sitaki."

Asubuhi Amoding alikuwa amekwisha ondoka kwa miguu kurudi Angurai, kabla watu hawajaamka, na kifurushi chake hakikuwepo. Roselida alikaa kwenye treni akiwa ameegemea dirisha, ametazama nje, na kutoka Malaba mpaka Eldoret hakusema na mumewe ila mara moja, kumwambia amfunike Perez.

Mtoto alikuja mwezi wa tatu, kabla ya wakati wake kidogo. Vitalis alikimbia kutafuta gari, majirani wakafanya walichojua, na walichojua hakikutosha. Alikuwa wa kike. Alipumua asubuhi moja tu. Jioni, wanawake walipokwisha kwenda, Protus aliketi kando ya kitanda akitafuta namna ya kuanza, na Roselida akamwondolea taabu hiyo.

"Mama angejua la kufanya," alisema. Hakulirudia tena, si siku ile wala baadaye, na Protus angeona afadhali alirudie kila siku.

Majuto ni mjukuu, watu husema, na Protus alikuwa akilisema hilo ovyo ofisini mtu akikosa bahati nasibu. Sasa alipolisikia alitoka nje.

Livu iliyofuata alikwenda peke yake. Roselida alisema yeye na Perez watabaki Nairobi. Hakusema kwa hasira. Protus alibeba blanketi kutoka Nairobi, zito, la mistari miekundu, na mbuzi akamnunua soko la Angurai mbele ya wanawake walewale. Alimvuta kwa kamba mwenyewe, na tai hakuvaa. Njia nzima alikuwa akipanga maneno. Atasema alikosa. Atasema kuhusu mama yake aliyefariki, jambo ambalo hata Roselida hakulijua lote.

Wamama walimpokea kwa taratibu zote. Mbuzi akachinjwa, Mzee Okwara akasema machache, mwanamke mkubwa wa ukoo akamvisha Amoding lile blanketi lenye makunyanzi ya dukani. Kisha Amoding akashusha leso kwa mkono wake mwenyewe na kumtazama mkwewe. Ulikuwa uso wa kawaida tu. Kidevu kilikuwa cha Roselida, na jicho moja lilikuwa dogo kidogo kuliko jingine, jambo ambalo Perez pia alikuwa nalo na Protus hakuwahi kujua limetoka wapi. Amoding akampakulia nyama na ugali wa wimbi, akamwekea mbele yake, akaketi. Watu wakatoka wakawaacha, kama desturi inavyotaka.

Protus alinawa mikono, maneno yake yakiwa tayari. Amoding ndiye aliyeanza, kwa Kiswahili chake cha sokoni, kwa kuwa Kiteso cha Protus kilikuwa cha kuombea maji tu.

"Ile siku, kule juu," alisema, "wewe uliona nini? Watu wanasema Tororo yote inaonekana. Mimi macho ilikuwa imefunga."

Angeweza kumdanganya. Angeweza kumwambia aliona taa za ng'ambo na lile jiwe kubwa jeusi la Tororo, kwa kuwa lazima vilikuwepo.

"Sikuona kitu, mama," alisema. "Nilikuwa nakuangalia wewe."

Mama huyo alilifikiria jambo hilo. "Basi sisi wawili tulipanda bure," akasema, na pembe ya mdomo wake ikataka kucheka, ikaacha.

Aliinuka, akaingia ndani, akarudi na kifurushi. Protus alikitambua kwa ile kamba ya katani. Fundo lilikuwa lilelile. Kwenye mshono wa kitambaa wadudu wa unga walikuwa wakitambaa. Amoding akakipangusa kwa kiganja, akakiweka magotini mwa mkwewe.

"Hii nilifunga nikitoka hapa kuja kwa treni yenu," alisema. "Kuna nguo ya mtoto, na kibuyu ya kumwogesha, na wimbi ya uji ya Roselida. Sikufungua. Nilikuwa nangojea mbuzi. Nikangoja mwezi wa kwanza. Nikangoja mwezi wa pili. Hata kama ungemtuma huyo mbuzi tu na mtu, ningekuja. Mwezi wa tatu ndio wakaniambia hakuna haja tena."

Hakuisema kwa ukali. Aliisema kama anavyomweleza mtu njia ya kwenda mahali, kisha akamwambia ale, nyama inapoa.

Protus hakula. Alitaka kusema pole, lakini pole huambiwa aliyejikwaa. Kule nje wamama walikuwa wakigawana ngozi na kichwa cha mbuzi na kupiga soga kwa furaha, maana kwao jambo lilikuwa limekwisha vizuri. Mbele yake mama yake alikuwa ameketi, uso wazi, akimngoja. Naye alikuwa amekipakata kile kifurushi kwa mikono miwili, na hakujua akiweke wapi.